Viatu vya Mlangoni

Msumari bado upo. Niliuona hata kabla sijakaa, ukutani juu ya kichwa cha mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akivuta tasbihi. Niliugonga mwenyewe kwa kisigino cha kiatu, kwa sababu nyundo ilikuwa imesahauliwa kwenye nyumba nyingine. Sasa umetundikiwa kalenda ya duka la saruji. Nilikuwa nimerudi Isiolo kwa kazi ya kuwapikia mafundi wa barabara, na asubuhi hiyo, pale wanapouza maziwa ya ngamia, nikasikia akina mama wakisema Mama Talaso wa mtaa wa Chechelesi amefariki. Niliacha nilichokuwa nikinunua, nikafunga mtandio kichwani, nikaenda. Mlangoni kulikuwa na viatu vya waombolezaji, jozi kwa jozi, nami nikavua vyangu nikaingia. Sikuwa ndugu wala jirani. Nilikuwa nimeonana na marehemu mara mbili tu, miaka zaidi ya kumi na mitano iliyopita, na mara zote mbili nilimdanganya. Akina mama walinisogezea nafasi kwenye mkeka bila kuniuliza mimi ni nani. Msibani hakuna anayekuuliza. Nikapewa chai, nikaishika, nikatazama msumari wangu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa wala sikukosa karo. Siku moja niliona lori limeegeshwa nje ya ukuta wa shule nikataka kujua linaenda wapi, basi nikalipanda. Tangu hapo nilikuwa nimefunga miraa, nimeosha sahani, nimeuza kadi za simu, na kila kazi niliiacha siku ile nilipoielewa. Ndipo nikakutana na Madam Kinya, dalali wa nyumba, mama mpana mwenye kicheko cha haraka, aliyeshuka kutoka nyanda za juu akisikia kwamba mji wetu utakuwa mkubwa. Kila mtu alisikia hivyo mwaka huo. Watu walijenga nyumba za mawe na mabati ya buluu kila pahali, halafu nyumba zikakaa tupu, zikinuka saruji na kinyesi cha popo. Madam alikuwa akinituma kufagia kabla ya mteja kufika. Siku moja nilifagia, nikaona nina njaa na mteja amechelewa, nikawasha jiko nikakaanga buni kwa samli kidogo nijipatie cha kutafuna. Mteja akaingia. Akasimama katikati ya sebule tupu, akavuta harufu, uso wake ukalegea kama wa mtu aliyefika kwao. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekubali. Madam akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Akiru, umemfanyia nini huyu mtu?"

"Sijafanya kitu, Madam. Nilikuwa na njaa."

"Basi kuanzia leo ukae na njaa," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kupamba nyumba za kuuza. Siku hizi naona vijana wanaifanya wakiwa na vyeti. Juzi tu, nikiwa Nanyuki, nilimsikiliza msichana mmoja nadhifu akimweleza mwenye nyumba kwamba mteja hanunui kuta, ananunua maisha anayojiona akiyaishi ndani ya zile kuta. Alisema kweli, na sibishi kwamba inafanya kazi. Nilijifunza kabla yake, bila cheti, na ndiyo maana nilitoka nje kabla hajamaliza. Tulikuwa na seti moja ya makochi ya rangi ya zambarau, pazia mbili, kitanda kikubwa ambacho hakuna mtu aliyewahi kukilalia, saa ya ukutani na friji. Friji lilikuwa kopo tu. Injini ilikuwa imetolewa zamani, lakini mlango wake ulifunga kwa sauti nzuri, ule mlio wa kunyonya, na Madam alipenda kuufunga mbele ya wateja. Vitu hivi tulivisukuma kwa mkokoteni kutoka nyumba hadi nyumba. Mezani kulikuwa na bakuli la machungwa ambayo hatukuruhusiwa kula. Yalipoanza kuoza niliyageuza, upande mbovu chini, na chini huko kulikuwa na maji meusi na vijidudu vidogo vyeupe. Sisi tulikula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nyuma ya nyumba, tumechuchumaa kwenye mchanga, kwa sababu sahani za mezani zilikuwa za kuangaliwa.

Na kulikuwa na zile picha mbili. Madam alikuwa akiongea na wateja kwenye simu kwa sauti kubwa ili nisikie salamu. Mtu akisema salaam aleikum, nilitundika fremu yenye maandishi ya dhahabu, nikafukiza ubani na kujifunga mtandio. Akisema habari, nilitundika Yesu mchungaji na mwanakondoo wake. Zote mbili zilikaa ndani ya foronya moja, zimepeana migongo, na msumari ulikuwa mmoja. Madam alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji, hakosi Jumapili. Nilimuuliza kama haoni vibaya. "Mungu anaelewa biashara," akasema. Nilicheka. Ningependa kuandika kwamba moyo uliniuma, lakini nilicheka, na siku iliyofuata nikawaza ni kitu gani kingine tunaweza kuongeza.

Nilichoongeza ni viatu. Niliona kwamba hata na makochi na buni, nyumba zetu zilikuwa na ukimya fulani, kama chumba cha kusubiria daktari. Nikaenda kwenye marundo ya mitumba nikachagua viatu vya mtoto, vyekundu vya turubai, soli nyeupe ya mpira, kimoja kamba yake imefungwa fundo mahali ilipokatika. Muuzaji akaniuliza, "Mtoto ana umri gani?" Nikamjibu, "Miaka miwili," bila kufikiri. Sikuviosha. Nilivipaka vumbi la Isiolo, nikaviweka mlangoni, vidole vikielekea ndani, kimoja kimelala ubavu, kama mtoto ameingia mbio sasa hivi. Madam alipoviona aliinama, akavitazama bila kuvigusa. Kisha akasema, "Wewe msichana ni hatari." Hakuna sifa iliyowahi kunifurahisha kama hiyo.

Nyumba ya Chechelesi ilikuwa nzuri, ila haikuwa na maji. Mfereji ulikuwepo, mita ilikuwepo, lakini maji yalipita mara moja baada ya wiki nyingi, usiku, kwa saa moja, yakiwa mekundu. Mwenye nyumba alituambia hivyo wazi na akataka iuzwe haraka kwa sababu hiyo hiyo. Madam akaagiza lori la maji lije asubuhi na mapema kujaza tanki la juu, kisha akanituma nipanguse matope ya magurudumu yaliyobaki getini. Mteja, huyo Mama Talaso, alikuwa anatoka Sericho, nyika kavu ya wafugaji. Alikuja peke yake, mwanamke mrefu mkavu wa miaka hamsini hivi, na mkononi alibeba mtungi mdogo wa plastiki wa maziwa ya ngamia, umefunikwa kwa majani. Alisimama mlangoni akatoa salamu, nami nikaitikia kwa mtandio wangu na sauti yangu ya kuazima. Kisha akaona viatu. Akainama, akaokota kimoja, akakigeuza, kisha na kingine. Wafugaji wa kwetu wanasoma unyayo wa mnyama mchangani: ni jike au dume, mgonjwa au mzima, alipita lini. Nilimwona akiisoma ile soli vivyo hivyo, akipitisha kidole gumba pale ilipolika.

"Huyu anakanyaga upande wa ndani," akasema. "Na mguu wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto. Alianza kutembea mapema?"

"Mapema sana, mama. Miezi tisa."

"Nimejua." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Anaitwa nani?"

"Amina."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwa nyanya yake."

Mwenye viatu vile alikuwa mtoto wa nchi ya baridi, aliyekanyaga upande wa ndani kwenye sakafu nisizozijua, na viatu vyake vikafungwa ndani ya robota la mitumba, vikasafiri mpaka kwetu. Kulika kwa soli kulikuwa kwa kweli. Mtoto tu ndiye hakuwepo. Mama Talaso alinikabidhi ule mtungi wa maziwa. "Sikujua kama kuna mtoto," akasema, "lakini mtu haingii nyumba ya watu mikono mitupu. Haya ni ya Amina. Yaweke kwa baridi." Kabla sijamzuia alikuwa amefika kwenye friji mwenyewe, akafungua, akayaweka. Taa haikuwaka. "Stima imepotea tangu jana," nikasema. Madam, nyuma yake, alinikonyeza.

Tukamzungusha vyumba. Hakutazama makochi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasimama upesi, akasema, "Hapa hapajalaliwa," na Madam akacheka eti tumebadilisha godoro. Halafu akatueleza shida yake, akiwa amesimama jikoni, na kwa sababu alinitazama mimi wakati anaongea, siwezi kusema kwamba sikuelewa. "Ukame umenimaliza. Ngamia nimeuza wote, nimebakisha wanne kwa kijana wangu. Yeye atanitumia maziwa kutoka huko, mimi nitauza hapa mjini na kumsomesha msichana wangu. Lakini maziwa yanataka maji. Chombo kisipooshwa unawauzia watu ugonjwa. Sasa mkinipa nyumba mbaya, sina kitu kingine cha kuuza. Nimemaliza." Akafungua mfereji. Maji yakatoka kwa nguvu. Akayaacha yaende kidogo, akakinga kiganja, akasukutua, akayashika mdomoni muda mrefu, kisha akameza.

"Maji haya yametembea," akasema.

"Yanatoka mlimani, mama," Madam akamwambia.

"Mbali," yeye akajibu. Kisha akanigeukia. "Mama Amina, wewe ndiye unaishi hapa. Maji yanakuja?"

"Kila siku," nikasema.

Alinitazama, akatazama mlango kule viatu vilikokuwa, akatazama tena mimi. Nilidhani ananipima. Kisha akaufunga mfereji taratibu, akaukaza mpaka tone la mwisho. Wiki hiyo akanunua.

Yale maziwa tuliyasahau. Makochi, kitanda na friji viliendelea kukaa pale siku kadhaa, mpaka karatasi zikamalizika, ndipo tukavisukuma nyumba nyingine upande wa pili wa mji, na friji likafunguliwa mbele ya mteja mpya, mwalimu mmoja na mke wake. Sitasahau ule mlio wa kunyonya na kilichofuata. Maziwa ya ngamia yana heshima yake hata yakichacha, lakini haya yalikuwa yamefungiwa kwenye kopo la joto na kifuniko kilikuwa kimefyatuka. Yalikuwa yametiririka mpaka kwenye mpira wa mlango, yakaota nywele za kijani. Mke wa mwalimu alitapika kwenye ua. Nilisugua friji lile kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya unga, kwa mchanga. Kila nyumba tuliyoenda baada ya hapo ilipata ile harufu, nyembamba, tamu, nyuma ya ubani na buni, na Madam alinitukana kwa Kimeru na kwa Kiswahili. "Ungeyanywa tu!" alipiga kelele. "Mjinga wewe, mtu anakupa maziwa, unywe!" Alisema kweli. Lakini nilikuwa nimejaribu. Ile jioni alipoondoka Mama Talaso nilifungua mtungi, nikanusa ule moshi mzuri wanaofukizia vyombo vyao, nikauleta mdomoni, kisha nikaurudisha kwenye friji. Hayakuwa yangu.

Mara ya pili nilimwona siku tuliyohamisha vitu. Alifika mapema akiwa na godoro moja na masufuria, akatukuta getini tukifunga kamba za mkokoteni. "Mnahamia wapi?" akaniuliza. Nikasema Nanyuki. "Huko kuna baridi. Mfunike mtoto miguu," akasema. Ulikuwa ndio wakati. Madam alikuwa ameenda kununua kamba nyingine, barabara ilikuwa tupu, na pesa zote za huyu mama bado hazikuwa zimemfikia mwenye nyumba. Maneno yalikuwa manne tu: maji hakuna, mtoto hakuna. Nikasema, "Asante, mama," nikasukuma mkokoteni. Tulipofika Madam akauliza, "Na viatu?" Nilikuwa nimeviacha mlangoni. Akanirudisha nikavichukue. Nilifika hadi kwenye kona, nikaona Mama Talaso ameviokota, anavikung'uta vumbi kimoja kwa kingine, kwa uangalifu, na kuviweka dirishani ambapo mtu akipita ataviona. Nikageuka. Kwa Madam nilisema vimeibiwa. Miezi michache baadaye nilidandia lori la mbuzi nikaenda Marsabit bila kumuaga, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba niliondoka kwa sababu kazi nilikuwa nimeshaielewa.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye sebule ile ile na chai imepoa. Akina mama waliongea kwa sauti ya chini, vile watu wanavyoongea msibani, huzuni na umbea vimechanganyika.

"Huyu mama amefanya kazi. Alinunua punda kabla ya kununua kitanda."

"Ni wa kubebea maji. Nyumba hii haijawahi kuona maji."

"Wale waliomuuzia Mungu anawajua."

"Walimdanganya, masikini."

"Kwa maji hawakumdanganya," akasema mwanamke aliyekuwa akipitisha birika. Alikuwa Talaso mwenyewe, yule msichana aliyesomeshwa, sasa mwalimu, mrefu na mkavu kama mama yake. "Mama alijua siku ile ile. Maji ya lori yana ladha ya mpira, alituambia. Mtu wa Sericho utamdanganya na maji?"

"Na bado akanunua?"

"Alinunua kwa sababu ya mtoto." Akaweka birika chini, akaenda chumbani, akarudi na kifurushi cha kitambaa. Akakifungua. "Alisema, kama yule mama kijana ameweza kulea mtoto hapa bila maji, na mtoto ana afya, anakimbia, basi hata mimi nitaweza. Aliona aibu ya yule mama kusema maji hakuna, akamwachia aibu yake. Hivi vilisahauliwa. Alisema mwenye viatu atavirudia."

Vile viatu vikapita mkono kwa mkono. Wanawake waligusa ile kamba yenye fundo, wakasema masikini, wakasema sasa huyo ni msichana mkubwa. Vilinifikia. Vilikuwa vimeoshwa. Talaso akasema, akiniambia mimi kwa sababu ndiye niliyevishika, "Alikuwa anamwombea. Mimi, ndugu zangu wawili, halafu Amina wa viatu. Kila siku. Sisi tulikuwa tunamwonea wivu."

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anasuuza vikombe kwa maji ya mtungi, maji ya kikombe kimoja yakihamia kingine, bila kumwaga tone. Mfereji ulikuwa pale pale, umefungwa kwa kitambaa. Nikamwambia mimi ndiye yule mama.

Akageuka haraka, uso umefunguka. "Na Amina?"

"Amina hayupo."

"Alikufa?"

"Hakuzaliwa. Viatu nilivinunua mitumba. Ilikuwa kazi yangu, kupamba nyumba ipate mnunuzi."

Aliendelea kusuuza. Alimaliza vikombe vyote, akavipanga vimeinama, akafuta mikono. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, kufukuzwa, hata kulaaniwa. "Kwa hiyo maji alijua," akasema polepole, "viatu ndio hakujua."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii kwa punda." Nilisikia mwanamke mnene akisoma dua kule sebuleni. Halafu Talaso akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu mwenye kazi nyingi, kwamba ndugu zake wanataka nyumba iuzwe, kwamba dalali alikuja jana akasema wajaze tanki na wapande maua getini. "Nikamwambia maua gani yataishi hapa." Alikuwa anaviangalia viatu mkononi mwangu. Akanyoosha mkono, nikampa. "Na vilifanya kazi," akasema. Hakuwa ananiuliza.

"Talaso, usifanye."

"Mimi sijasema kitu, dada." Lakini ule uso niliujua. Hakukuwa na ubaya ndani yake, wala hasira. Alikuwa ameona kitu kinachofanya kazi, tu. Niliuvaa uso huo mwaka mzima.

Niliwaaga akina mama, mmoja baada ya mwingine, na ilichukua muda. Nilipofika mlangoni, kati ya malapa na kandambili za waombolezaji, vile viatu vyekundu vilikuwa vimewekwa pembeni, pamoja, vidole vikielekea nje. Vimepangwa vibaya. Mtoto anayeingia mbio haachi hivyo. Na mkono wangu, kabla sijauambia chochote, ulikuwa umeshashuka na kugeuza kimoja, kukilaza ubavu. Nilijiona nikifanya hivyo. Nikaviokota vyote viwili nikavitia kikapuni. Talaso alikuwa dirishani. Hakuniita.

Kambini niliwasha moto wa chai ya jioni nikavitupa ndani. Turubai iliungua mara moja, lakini soli zilikaa, zikachemka, zikatoa moshi mzito mweusi ulioingia kwenye sufuria. Mafundi walikuja na vikombe vyao, wakaonja, wakatema. "Dada Akiru, chai inanuka mpira leo." Nikawaambia nilikuwa nachoma viatu vya zamani, vya mtoto. Wakashusha vikombe. Mmoja, kijana mpole anayeendesha tingatinga, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini mtoto alikuwa anaitwa nani. Nilisimama na mwiko mkononi, na jina lilikuwa tayari mdomoni, limekaa vizuri, likisubiri. Nikatema mate kwenye majivu, nikamwaga chai yote.